Madam Aliyeuliza Nani Atanunua

Chuoni kwetu wahadhiri wa kike wote waliitwa Madam, kisha jina likafuata. Huyu hakufuatwa na jina. Ukisema Madam ukanyamaza, kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini mpaka mama wa kantini, alijua unamsema yule wa kituo atamizi.

Kituo atamizi ni jina kubwa kuliko chenyewe. Kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya maktaba, zamani stoo ya madawati mabovu, ambako chuo kiliamua kuwaweka wanafunzi wenye mawazo ya biashara, kama mtu anavyomlaza kuku juu ya mayai akasubiri. Ukikubaliwa ulipewa nusu ya meza, intaneti ya kusuasua, barua ya utambulisho yenye mhuri, na Madam. Baada ya mwezi mmoja uligundua kwamba bila vile vitatu vya kwanza ungeweza kuishi.

Miaka miwili nilikuwa mwanafunzi wake, nikihangaika na biashara ya matobolwa ya mama yangu. Miaka mitatu iliyofuata nilikuwa msaidizi wake mle mle chumbani. Baada ya hapo nikawa mtu wa kumsalimia kwa simu sikukuu zikifika, na zingine nilizisahau.

Alikuwa mtu aliyechoka. Sisemi mvivu. Neno "nimechoka" alilisema asubuhi, saa mbili haijafika, akiwa ameshafagia chumba kizima kwa mikono yake kwa sababu mfagizi, alidai, anafagia katikati tu. Sikuwahi kumwona amepumzika, wala sikuwahi kumwona ameacha jambo kwa sababu ya uchovu. Alichoka kama barabara ya vumbi inavyochoka, huku inaendelea kupitisha watu. Alivaa sweta la kahawia masika na kiangazi, akibeba chupa ya chai ya tangawizi ambayo hakumgawia mtu mpaka mtu huyo aonekane amelia. Aliandika kwa penseli tu.

"Kalamu ni ya watu wenye uhakika," alisema. "Mimi najaribu."

Siku yangu ya kwanza mbele yake nilikuwa nimevaa tai ya kuazima. Sisi wanafunzi kule kusimama na kueleza wazo lako tuliita kupichi. Yeye aliita kuhubiri. Nilihubiri. Nilieleza kwamba kwetu Igalula mama yangu anachemsha viazi vitamu, anavikata, anavianika juani mpaka vinakuwa matobolwa, chakula kinachokaa mwaka mzima bila friji. Nikasema nitavifunga kwenye pakiti nzuri na kuvipeleka kwa vijana wa Tanzania, kisha Afrika Mashariki, kisha soko la kimataifa. Nilikuwa na picha ya ramani ya dunia.

Madam alisubiri nimalize. Akavua miwani.

"Shija, nani atanunua?"

"Vijana wa mjini, Madam. Wanaojali afya."

"Kijana gani?"

"Wote, Madam. Vijana ni wengi."

"Nitajie mmoja. Jina lake, na mahali anapokaa."

Nikatazama ramani yangu ya dunia. Hakukuwa na mtu humo.

"Kaa chini," alisema, bila ukali. "Ukimpata, rudi."

Nilizunguka mji siku tatu na mfuko wa matobolwa, Gongoni, Isevya, mpaka stesheni ya reli, nikiwaonjesha watu. Siku ya nne nilirudi na jina moja: Mama Rehema, mwalimu wa shule ya msingi pale Isevya, ambaye alitaka pakiti sita za kumpelekea mwanawe wa bweni, kwa sababu biskuti huisha siku moja na matobolwa hutafunwa taratibu. Madam aliliandika jina kwa penseli katikati ya ukurasa mtupu.

"Sasa una biashara ya mtu mmoja," alisema. "Ni kubwa kuliko ile ya dunia nzima."

Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila aliyeingia. Aliyekuja na programu ya simu ya kuuza kuku, aliyekuja na sabuni ya nta, aliyekuja na jiko lisilotoa moshi, wote waliulizwa swali lile lile, na wengi waliondoka wakimchukia. Nasi tulijifunza kulitumia kwa utani. Mtu akimtongoza msichana kantini, meza nzima inamuuliza: nani atanunua?

Alikuwa na jambo jingine alilopenda kusema, na hilo nililisikia kila mwaka wapya wanapoingia. "Mji huu ulikuwa kituo cha misafara. Babu zetu walipita hapa kwa miguu mpaka pwani, mizigo kichwani, na mizigo yenyewe haikuwa yao. Walikuwa na nguvu kuliko watu wote wa njia ile, na walirudi na nini? Nyie msiwe wapagazi wa mawazo ya watu. Ukibeba, beba chako." Kisha anaongeza kwa sauti ya chini, kana kwamba anazungumza na sweta lake: "Ingawa na chenyewe ni kizito."

Kwa mtu aliyehubiri uthubutu, alikuwa mwoga wa ajabu. Hakupanda bodaboda maishani mwake. Kutoka kwake Ipuli mpaka chuoni alitembea, jua na mvua, na ukimwambia kuna pikipiki inamsubiri getini anasema ameiona, na anapita. Na biashara hakuwahi kuwa nayo, hata ya kuuza barafu. Mwanafunzi mmoja mwenye mdomo alimuuliza mbele za watu: Madam, wewe mwenyewe umewahi kuuza nini?

"Sijawahi," alijibu. "Naogopa kukataliwa. Ndiyo maana nawastahi nyie."

Yule kijana alikaa chini na sikumsikia tena mwaka ule.

Alitufundisha pia kwamba mnunuzi wa huruma si mnunuzi. Shangazi yako akinunua, usimhesabu. Rafiki yako akinunua, usimhesabu. Tuliandika kwenye madaftari yetu. Basi, nilipopeleka pakiti zangu za kwanza kwenye duka la Bwana Salumu pale Kanyenye, mzee ambaye ukoo wake umeuza vitu mtaa ule tangu enzi za misafara, na zikaisha zote ndani ya wiki moja, nilijua nimeweza. Nilimpigia mama simu Igalula. Mama alipiga vigelegele kwenye simu, akachemsha madebe matatu mengine.

Wiki ya pili nilikwenda dukani mwenyewe nione sura za wateja wangu. Nikamkuta dada mmoja fundi cherehani ninayemfahamu, jirani wa Madam, anaweka pakiti nane kwenye kikapu.

"Dada, unazipenda kweli," nilimwambia kwa furaha.

"Mimi natumwa tu, kaka," alisema, na hapo hapo akaziba mdomo kwa mtandio.

Bwana Salumu alitazama dari. "Ijumaa iliyopita pia alikuja," alisema. "Mimi nilidhani unajua."

Nilikwenda chuoni moja kwa moja. Madam alikuwa anafuta ubao.

"Madam, umesema mnunuzi wa huruma si mnunuzi."

Aligeuka, akaona uso wangu, akajua. Aliketi.

"Nilitaka uvuke wiki ya kwanza," alisema. "Wengi wanafia wiki ya kwanza."

"Mama amechemsha madebe matatu!"

Aliweka kifutio mezani. "Hapo nimekosea," alisema mwishowe. Ni neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa mhadhiri mwingine. Baadaye, nilipokuwa msaidizi wake na nikaanza kuingia nyumbani kwake, nililiona kabati lake: sabuni zisizotoa povu, mishumaa ya nta iliyopinda kwa joto, mitungi ya achari, vikapu vya plastiki iliyosukwa. Miaka yote ile alikuwa akituma watu watununulie. Matobolwa yangu aliyatafuna na chai ya tangawizi miezi mingi, na hakuwahi kulalamika ingawa yaligeuka magumu kama kokoto.

Nimeandika haya ya kuchekesha kwanza kwa sababu la Maganga ni gumu kulianza.

Maganga alikuwa mwenzangu wa meza. Nusu yake, nusu yangu. Mtoto wa Ipole, kule Sikonge, ambako baba yake alilima tumbaku na kurina asali, na alikuwa mzee wa kanisa la Moraviani. Kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa na kitu. Alikuwa na asali ya kweli, na wazee wa kijijini waliomwamini wampe ya kwao aiuze pamoja. Na siku Madam alipomuuliza nani atanunua, alitoa barua. Mnunuzi wa Dar es Salaam alitaka ndoo nyingi, kwa tarehe maalumu, na akizipenda angechukua kila msimu.

Madam alivaa miwani, akaisoma barua ile mara mbili. Sijawahi kumwona na uso ule tena. Ulikuwa uso wa mtu aliyengoja basi miaka mingi na sasa analiona likikata kona.

Tatizo lilikuwa tarehe. Maganga alirudi kutoka Ipole mwezi uliofuata na vumbi mpaka kwenye kope.

"Madam, wazee wanasema asali haijaiva. Nyuki hawajaziba masega. Wanataka tusubiri kama wiki tatu."

"Na mnunuzi anasemaje?"

"Anasema tarehe ni tarehe."

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa ninabandika lebo kwenye pakiti, na nililisikia jibu lake kwa masikio yangu.

"Mnunuzi hasubiri, Maganga. Mnunuzi akiondoka harudi."

"Na mitihani, Madam? Ni wiki hiyo hiyo."

"Mwaka wa mwisho unaweza kuurudia. Mnunuzi huwezi kumrudia."

Maganga alimtazama kidogo, kama anayesubiri aongeze neno. Hakuongeza. Siku ya pili alijaza fomu ya kuahirisha masomo, akapanda basi.

Asali iliyorinwa kabla ya kuiva ina maji mengi ndani yake, na asali yenye maji inachacha. Hilo analijua kila mtoto wa Ipole. Ndoo zilifika Dar zimevimba, vifuniko vimeruka, povu limemwagika kwenye sakafu ya lori. Mnunuzi alizirudisha zote, na akaandika barua nyingine, fupi. Wazee waliompa asali hawakumpiga wala hawakumshtaki; waliacha tu kumsalimia. Maganga alikaa nyumbani majuma mawili, kisha akaondoka bila kuaga, akaenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Simu yake ilizimwa. Fomu ya kurudi masomoni ilikaa kwenye meza yetu, nusu yake, mpaka ikapauka.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kazi ya usaidizi, kwa hiyo mimi ndiye niliyechapa ripoti ya mwaka. Shirika lililotufadhili lilitaka hadithi za mafanikio. Hizo hasa ndizo zilizowalisha wakubwa: picha ya kijana anacheka, amebeba bidhaa. Na picha nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo ilikuwa ya Maganga, amesimama mbele ya ndoo zake siku ya kuzipakia.

Madam alinipa ukurasa wake, umeandikwa kwa penseli. Ulianza hivi: Mwanafunzi mmoja alinitaka ushauri, nami nilikosea.

Niliuchapa kama ulivyo. Siku mbili baadaye aliitwa ofisini kwa wakubwa. Alirudi, akajimiminia chai, hakuinywa.

"Wanataka niutoe," alisema. "Wanasema mfadhili akiusoma atafunga. Na akifunga, hawa kumi na mmoja waliobaki waende wapi?"

"Utafanya nini, Madam?"

"Utoe."

Nilimtazama. Nakiri nilimdharau kidogo siku ile. Nilitarajia mtu wa penseli angepiga meza. Niliufuta ukurasa wote, nikaweka picha ya Maganga anacheka, na ripoti ikasifiwa.

Ijumaa ile, wakati nafunga madirisha, aliniambia: "Kesho tunakwenda Ipole, mimi na wewe. Nililolifuta kwenye karatasi nitakwenda kulisema kwa mdomo. Utanionyesha nyumba."

Tulipanda basi la Mpanda alfajiri. Hakuzungumza njiani, isipokuwa tulipopita Sikonge aliponiuliza kama mzee yule ana ugonjwa wa moyo. Nilimwambia sijui. Tulipoteremka Ipole, vijana wa bodaboda walitukimbilia, akawapungia mkono. Tukatembea kama saa nzima kwenye njia ya mchanga, tukipishana na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi na magunia, mimi nimeshika mkoba wake, yeye na sweta lake kwenye jua lile. Mara mbili alisimama akashika kiuno. Mara ya pili nilisema tupumzike.

"Nikikaa sitasimama," alisema.

Baba yake Maganga alikuwa uani anapanga majani ya tumbaku. Mzee mrefu, mwenye mikono myeusi kwa utomvu. Alimtambua kwa haraka kuliko nilivyotegemea, labda kwa miwani. Madam alipiga goti moja kwenye mchanga, akamwamkia kwa Kinyamwezi kwanza.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Inuka, utachafuka."

Hakuinuka. "Baba, mimi ndiye niliyemwambia Maganga asisubiri asali iive. Yeye alikuja na neno lenu, wazee, akanieleza vizuri. Mimi nikamwambia mnunuzi hasubiri. Na mimi ndiye niliyemwambia aache mtihani. Nimekuja kuwaambia kwamba kosa ni langu."

Mzee aliendelea kupanga majani. Moja, jingine, jingine. Kuku mmoja alipita kati yao.

"Sasa umesema," alisema hatimaye. "Nifanye nini na maneno hayo, mwalimu? Niyapande?"

Madam alibaki na goti lake mchangani. Kisha mzee akageukia jikoni, akaita kwa Kinyamwezi. Akatoka mama wa watu, mdogo wa umbo, anafuta mikono kwenye khanga.

"Sema tena," mzee alimwambia Madam. "Huyu asikie. Huyu ndiye aliyekuwa analia."

Madam akasema tena. Yote, tangu mwanzo, pole pole, na safari hii sauti ilimkatikia kwenye neno mtihani. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi chini pale pale mlangoni, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao alishazoea uzito wake.

"Alituambia," alisema. "Alisema mwalimu amemruhusu. Baba yake alisema hakuna mwalimu anayemtoa mtoto shuleni. Tulimwita mwongo." Akamtazama mumewe. "Tulimwita mwongo humu humu uani."

Mzee aliacha majani.

Hakuna aliyesema amesamehe. Tulipewa maji, tukapewa ugali na mboga ya kisamvu, tukala tukizungumzia mvua. Wakati wa kuondoka mzee alitusindikiza mpaka kwenye mti wa mipaka yao, akaniuliza mimi, si yeye, kama naweza kumpata Maganga kwa njia yoyote. Nilisema nitajaribu.

Nilimpata baada ya miezi miwili, kupitia kwa mchimbaji aliyesoma na binamu yangu. Mtandao ulikuwa mbaya, ikabidi nipige kelele.

"Madam alikwenda kwenu! Aliwaambia wazazi ni yeye!"

Nilidhani simu imekata.

"Alisema mbele ya mama?" Maganga aliuliza.

"Mbele ya mama. Mara mbili."

"Basi," alisema. Lakini msimu wa kurina ulipofika alirudi Ipole, na yuko huko mpaka leo, na mizinga yake mwenyewe. Chuo hakurudi. Nilimshawishi mara kadhaa, akanijibu kwamba amechoka kusoma, na kwamba asali haimuulizi cheti. Madam hakumtaja mbele yangu, na Maganga hakumtumia Madam salamu. Sijui kama hayo ni mapatano au la. Najua tu kwamba wazee wanamsalimia.

Baada ya Ipole Madam alibadilika, ingawa mtu asiyemjua asingeona. Swali lake aliendelea kuliuliza, lakini alipokwisha kujibiwa alianza kuuliza jingine: na wazee wenu wanasemaje? Wanafunzi walilicheka, wakasema Madam amezeeka. Aliacha pia kutuma watu kununua vitu vyetu. Wawili watatu walifia wiki ya kwanza, kama alivyokuwa akiogopa, na aliwakalia kitako kila mmoja na kuwagawia chai yake yote, akarudi nyumbani na chupa tupu.

Mfadhili alifunga hata hivyo. Hapakuwa na ugomvi. Muda wa mradi uliisha, wakaja kupiga picha za mwisho, wakaondoka. Bango lilishushwa. Chumba kikawekwa makaratasi ya mitihani ya miaka iliyopita. Mwaka huo huo Madam alifikia umri wa kustaafu, na aliagwa pamoja na wapishi wawili na dereva, kwa soda na kitenge. Katika hotuba yake alisema maneno manne: Nashukuru. Nimechoka. Kaeni salama. Nilihesabu, kwa sababu nilitarajia marefu zaidi.

Mimi nikaajiriwa kwenye duka la pembejeo, nikauza mbegu na mabomba ya kunyunyizia dawa. Matobolwa nayauza bado, kwa watu kama thelathini ninaowajua majina. Mama Rehema alihamia Nzega, lakini huagiza.

Mwaka huu chuo kilinipigia simu. Kuna mradi mpya, mfadhili mpya, chumba kile kile kinapakwa rangi, na wanatafuta mratibu ambaye alishawahi kupitia humo. Walitaka jibu ndani ya wiki. Siku nne niliilaza simu kifudifudi mezani. Ya tano, Jumamosi asubuhi, nilikwenda Ipuli.

Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba, ameketi kwenye mkeka, anachambua kunde kwenye ungo. Miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa ameiweka juu ya mto. Amepungua. Nilimwamkia, akanitazama juu ya miwani muda mrefu kidogo kabla hajaitika, na nikaona aibu ya zile sikukuu nilizosahau.

"Marahaba, Shija. Kaa hapa mkekani. Mama hajambo?"

"Hajambo, Madam. Anakusalimu."

Nilimweleza. Alisikiliza huku vidole vinaendelea, kunde mbovu zikienda upande, nzima upande.

"Nikubali?" niliuliza.

"Usiniulize mimi."

"Nimuulize nani?"

"Miaka ile yote nilikuwa na majibu," alisema. "Jibu moja lilimtoa mtoto wa watu shuleni. Sasa nimestaafu, na majibu nayo yamestaafu. Hata watu wa kanisani wakiniuliza waoze binti au wasioze, nawaambia nina kunde."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuja nikitumaini atanikataza. Kwamba nilimwona akichakaa siku baada ya siku mle ndani, na sitaki kuchakaa hivyo. Kwamba sijui nitamwambia nini kijana atakayekuja na barua mkononi kama Maganga, na vumbi kwenye kope.

Hapo vidole vyake vilisimama.

"Hata mimi sijui," alisema. "Nimeifikiria siku ile kila siku. Wakati mwingine nasema, ningemwambia asubiri. Wakati mwingine nasema, angesubiri, mnunuzi angekwenda, naye angenilaumu mpaka leo kwa hilo. Sijui, Shija. Ila nyumba yao niliijua. Nilichelewa kuijua, lakini niliijua." Akasukuma ungo kando. "Wewe fanya unavyotaka. Lakini mimi usinihusishe. Wasije hapa. Nimewapa watu wa chuo kile magoti yangu yote mawili, hayo unayaona hapo juu ya mto. Nimemaliza."

"Nimeelewa, Madam."

"Usinitaje hata jina."

"Sitakutaja."

Alinipa bakuli la kunde nimpelekee mke wangu. Alikataa nimsaidie kusimama, akasimama kwa kushika ukuta, akanisindikiza mpaka kwenye kijiuzio cha minyaa, hatua zenyewe fupi fupi. Tukaagana. Sikuwa nimemwambia kwamba nimekubali, kwa sababu sikuwa nimejua. Nilijua wakati nafungua mlango wa uzio na kugundua nawaza chumba kile kinahitaji ufagio mpya.

Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita.

"Shija!"

"Naam, Madam."

"Hao wapya watakuwa wangapi?"

"Kumi na wawili."

Aliegemea uzio. Alifumba macho, na nikaona kifua chake kinapanda na kushuka chini ya sweta.

"Wengi," alisema.

Nikangoja. Lori la mkaa lilipita kati yetu likaacha vumbi, na vumbi lilipotulia alikuwa bado pale pale.

"Basi wasije wote pamoja," alisema. "Waje mmoja mmoja. Sina viti."